TINDIKALI MACHONI: MAJI KWANZA, SAFARI YA HOSPITALI BAADAYE



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, kuhara, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunawaomba mtufuate mpaka mahali ambapo wazazi wengi hatukanyagi, ingawa fedha zetu zimefika huko. Ni katika chumba cha maabara cha shule ya sekondari. Wengi wenu mnaikumbuka michango ya miaka ya 2012 hadi 2015, wakati ilipoagizwa kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Tulitoa fedha, tulibeba mawe na mchanga. Majengo yakasimama na kupigwa rangi. Lakini ukiingia leo katika baadhi ya maabara za kemia na kuuliza, "Mtoto akirukiwa na tindikali machoni hapa, maji ya kumwosha yako wapi?", utaonyeshwa bomba la sinki lisilotoa maji, au ndoo iliyo nje karibu na choo.

Sisi wauguzi tunaowapokea majeruhi mlangoni tunataka mzazi aelewe jambo hili vizuri. Jicho lililoingiwa na dawa kali huokolewa palepale lilipoumia, kwa maji mengi, katika dakika za mwanzo. Hospitali huendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa. Kama haikuanzwa, mara nyingi tunabaki kutibu makovu.

Dawa kali hufanya nini ndani ya jicho

Kile kioo kinachong'aa mbele ya jicho, ambacho wataalamu hukiita konea, unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Ndicho dirisha la kuonea. Hakina mishipa ya damu, na kikipata kovu huwa cheupe kama kioo cha chooni, mwanga usipite vizuri.

Tindikali, yaani asidi, ikigusa konea huigandisha nyama ya juu, kama ute mweupe wa yai unavyoganda katika kikaango. Mgando huo ni kidonda kibaya, lakini kwa kiasi fulani huizuia asidi isizame haraka. Dawa za upande wa pili, yaani alkali, kama kostiki soda, amonia na chokaa, ndizo tunazoziogopa zaidi. Akina mama wanaotengeneza sabuni wanajua jinsi kostiki inavyoyala mafuta mpaka yakageuka kuwa kitu kingine. Ndivyo inavyofanya katika jicho: huyayeyusha mafuta yaliyo katika kuta za chembe hai, ikajifungulia njia na kuzidi kwenda ndani. Amonia inaweza kufika ndani ya jicho kwa muda usiozidi dakika moja. Chokaa nayo ina hila yake, kwa sababu vipande vyake hujificha chini ya kope la juu na kuendelea kuunguza wakati mgonjwa anadhani amekwisha kuoshwa.

Kwa hiyo, wapendwa, hesabu ya jambo hili ni ya sekunde. Hata kama hospitali iko umbali wa nusu saa kwa pikipiki, nusu saa hiyo ni ndefu mno.

Katika mwaka mmoja tuliwapokea watu wawili ambao hatuwezi kuwasahau. Wa kwanza alikuwa mama wa kikundi cha sabuni aliyerukiwa na maji ya kostiki katika jicho la kulia. Binti yake alimlaza chali chini ya mwembe, akamfumbua kope kwa vidole, akamwagia maji kwa kikombe, ndoo baada ya ndoo, huku jirani akichota. Walipofika kwetu wote watatu walikuwa wameloa chapachapa. Jicho lilikuwa jekundu na lilimwuma siku kadhaa, lakini leo mama huyo anasoma masomo kanisani. Wa pili alikuwa kijana wa Kidato cha Tatu aliyerukiwa na asidi ya salfuriki isiyochanganywa na maji. Alipanguswa kwa kitambaa, ikatafutwa pikipiki, akaletwa kwetu mbio. Alifika na jicho kavu. Tulimwosha kwa muda mrefu, akapelekwa mbele kwa wataalamu, lakini kovu limebaki. Hatusemi haya kumlaumu mwalimu wake. Katika maabara ile hapakuwa na maji ya kumwagia hata kama angetaka.

Vifaa viwili vinavyohitajika

Maabara inayotumia dawa kali inatakiwa kuwa na vifaa viwili. Cha kwanza ni bafu la dharura, yaani kichwa kikubwa cha manyunyu kilichofungwa juu, chenye mkono wa kuvuta, kwa ajili ya mtu aliyemwagikiwa mwilini. Cha pili ni bomba la kuoshea macho. Hili lina vitundu viwili vinavyorusha maji polepole kwenda juu, ili mtu ainamishe uso na macho yote mawili yaoshwe kwa pamoja. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Manyunyu ya juu yana nguvu mno kwa macho, na vitundu vya macho haviwezi kuosha kifua na mapaja.

Mafundi wa nchi nyingi hufuata kanuni za Marekani zinazojulikana kama Z358.1, zilizotolewa kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na mwaka 2014. Tutazitumia hapa kwa sababu zina vipimo ambavyo hata fundi bomba wa kijijini anaweza kuvipima kwa futi kamba na ndoo.

Kipimo cha kwanza ni umbali. Aliyeumia afike kwenye maji kwa muda usiozidi sekunde 10. Tena ni sekunde 10 za mtu anayekwenda kwa kupapasa, macho yamefumba na analia kwa maumivu. Tunawashauri walimu wajaribu hivi: mwanafunzi mmoja afungwe kitambaa machoni, atoke kwenye meza ya mbali kabisa hadi kwenye bomba, wengine wahesabu. Mtaona mara moja viti vilivyo njiani, ngazi iliyosahauliwa, au mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwalimu mkuu. Njia isiwe na ngazi, na kifaa kisiwe chumba cha pili nyuma ya mlango wenye kufuli. Pale zinapomiminwa asidi na alkali kali kutoka chupa kubwa, kifaa kiwe karibu kabisa. Tunalisisitiza hili kwa sababu katika mtihani wa vitendo dawa nyingi alizopewa mwanafunzi ni hafifu, zimekwisha kuchanganywa na maji. Hatari kubwa iko kwenye chupa kuu, na kwenye yale majaribio yanayohitaji asidi ya salfuriki kali, kama lile la pete ya kahawia.

Kichwa cha manyunyu kiwe kati ya sentimeta 208 na 244 kutoka sakafuni. Mkono wa kuvuta usizidi sentimeta 175, ili hata mtoto mfupi wa Kidato cha Kwanza aufikie. Maji ya macho yatokee kati ya sentimeta 84 na 135. Soketi za umeme ziwe mbali. Ukuta upakwe rangi ya kijani na kuandikwa kwa herufi kubwa, na mahali hapo pawe na mwanga.

Koki ni jambo ambalo mafundi wetu hukosea sana. Koki ya kawaida ya kuzungusha mara nne au tano haifai. Inatakiwa ifunguke kwa sekunde moja na ibaki wazi yenyewe bila kushikwa, kwa maana aliyeumia anahitaji mikono yote miwili kufumbua kope zake. Ile koki ya mkono mrefu inayofunguka kwa robo mzunguko inapatikana madukani na bei yake si ya kutisha.

Maji kiasi gani, na yatoke wapi

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kanuni inataka manyunyu yatoe kama lita 76 kwa dakika, kwa dakika 15 mfululizo. Bomba la macho litoe angalau lita 1.5 kwa dakika, nalo kwa dakika 15. Ukipiga hesabu, mtu mmoja chini ya manyunyu anahitaji karibu lita 1,140, na macho yanahitaji lita 23. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 ambalo shule nyingi hununua halitoshi kwa bafu la dharura, hata likiwa limejaa. Tangi la lita 2,000 linatosha na kubakiza.

Lakini tangi kubwa peke yake halisaidii ikiwa maji yake yanatumika pia kupigia deki, kumwagilia bustani na kuoshea vyombo vya jikoni. Siku ya ajali litakutwa tupu. Dawa yake ni rahisi, na tumeona fundi mmoja akiifanya kwa ufundi mzuri. Bomba la matumizi ya kila siku alilitoboa juu, karibu katikati ya tangi, na bomba la dharura akalitoboa chini kabisa. Maji yakishuka mpaka katikati, bustani inakosa, wapishi wanalalamika, lakini nusu ya chini inabaki kwa ajili ya maabara. Katika tangi la lita 2,000 toboeni juu kidogo ya katikati, ili akiba ya chini ipite lita 1,200.

Bomba la kuleta maji kwenye manyunyu liwe nene, lisipungue inchi 1, na kama mnara wa tangi ni mfupi liwe inchi 1 na nusu. Bomba la nusu inchi linatosha kwa macho tu. Msibishane na fundi juu ya nguvu ya maji. Chukueni ndoo ya lita 20, iwekeni chini ya manyunyu, fungueni, na mtu ahesabu kwa saa. Ndoo ijae kwa sekunde kama 16. Ikichukua nusu dakika, maji ni machache, na fundi hajamaliza kazi. Kwa bomba la macho tumieni chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo ijae kwa dakika moja au pungufu. Maji ya macho yapande taratibu kama chemchemi. Yakiruka kwa nguvu yanaweza kulijeruhi jicho ambalo tayari limeungua.

Halafu joto. Kanuni inasema maji yawe kati ya nyuzi 16 na 38 za Sentigredi. Tangi jeusi lililoanikwa juani Dodoma au Shinyanga saa saba mchana, pamoja na mabomba yaliyopita juu ya bati, yanaweza kutoa maji ya moto yasiyofaa kabisa kuwekwa machoni. Tangi lijengewe kivuli na mabomba yafukiwe ardhini. Wenzetu wa Makete na Njombe wana tatizo la upande mwingine, maana mwezi Julai maji yao ni baridi kiasi kwamba mtoto hatavumilia hata dakika tatu. Huko tangi likae ndani ya jengo au mahali linapopata jua, na blanketi iwe tayari ya kumfunika mtoto mara anapotoka. Asitolewe mapema kwa sababu anatetemeka.

Kwa shule ambayo haina bomba, tusikae tukingoja mradi wa maji. Wekeni rafu imara juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyeketi, na juu yake ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko na koki chini, zimejaa maji safi ya kunywa, pamoja na mpira mwembamba kwa kila koki. Hizo ni lita 40, zinatosha kuosha macho kwa dakika 15. Pembeni liwepo pipa la lita 200 lenye maji safi na majagi mawili kwa ajili ya mwili. Hatusemi kwamba hiyo inafikia kanuni. Pipa hilo halifikii hata robo ya maji ya bafu. Lakini shule yenye ndoo mbili zilizojaa iko mbele sana ya shule yenye bafu zuri la chuma ambalo halijawahi kutoa tone. Vile vichupa vidogo vya kuoshea macho vinavyouzwa pamoja na masanduku ya huduma ya kwanza visiwadanganye. Chupa ya nusu lita huisha kwa sekunde 20. Ni ya kumshikilia mgonjwa akiwa anaongozwa kwenye maji mengi, basi.

Kutunza: kila wiki, si kila ukaguzi

Vifaa hivi vina bahati mbaya kwamba havitumiki. Jembe likiharibika mkulima analijua siku hiyohiyo, lakini bafu la dharura linaweza kufa miaka miwili bila mtu kujua, mpaka siku linapohitajika.

Kanuni inataka kila kifaa kifunguliwe mara moja kwa wiki, na mara moja kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi kamili wa vipimo vyote. Siku nzuri ya shule ni Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza cha vitendo. Yule anayetunza maabara afungue maji ya macho mpaka yatoke meupe, afungue manyunyu, kisha aandike tarehe na jina lake katika daftari lililotundikwa hapohapo. Wengi huogopa kufungua manyunyu kwa sababu maabara zetu nyingi hazina mtaro sakafuni, na maji hufurika mpaka chini ya makabati. Basi ndoo kubwa iwekwe chini, na mfuko mrefu wa nailoni ufungwe kuzunguka kichwa cha manyunyu uyaongoze maji mpaka ndani ya ndoo. Maji hayo yakamwagiliwe miche, yasipotee bure.

Sababu ya kufungua kila wiki si kujua tu kama maji yanatoka. Maji yaliyosimama ndani ya bomba kwa majuma mengi huwa na kutu, na humea vijidudu. Kuna kimoja kiitwacho akanthamoeba ambacho huweza kuingia katika konea iliyojeruhiwa na kuleta ugonjwa mgumu sana kutibu. Mtoto anaweza kuponywa asidi akaharibiwa na maji ya kumwoshea. Baada ya likizo ya Juni na ya Desemba maji yaachwe yatiririke muda mrefu zaidi. Vitundu vya macho viwe na vifuniko vinavyoanguka vyenyewe maji yakifunguliwa, kwa sababu vikiachwa wazi nyigu hujenga humo na vumbi hujaa. Maji ya ndoo yabadilishwe kila wiki, na ndoo isuguliwe.

Kuna koki moja zaidi ya kuangaliwa, ile iliyo nje ukutani, inayofunga maji ya jengo zima. Bomba likivuja kidogo mtu huifunga kwa nia njema, akasahau. Wafungieni waya ikiwa wazi, au ondoeni kile kishikio chake akae nacho mwalimu wa zamu. Na chini ya manyunyu pasiwekwe kitu chochote, wala viti vibovu, wala maboksi ya mitihani ya zamani, wala baiskeli ya mwalimu.

Siku ya ajali

Mtoto mwenyewe hataweza kufanya lolote kwa utulivu. Jicho lililoungua hujifunga kwa nguvu, na maji yakipita juu ya kope lililofumba hayasaidii kitu. Kwa hiyo wenzake wafundishwe mwanzoni mwa kila muhula, kwa mazoezi na si kwa maneno. Mmoja amwongoze kwenye maji, mwingine ashike kope na kuzifumbua, wa tatu amwite mwalimu. Mgonjwa azungushe macho huku na huku, juu na chini, maji yafike kila pembe. Kama jicho moja ndilo lililoumia, kichwa kiinamishwe upande wa jicho hilo, ili maji machafu yasitiririkie jicho zima. Mwenye lenzi machoni azitoe huku maji yakiendelea.

Muda ni dakika 15 kwa uchache, na kwa alkali zaidi. Dakika 15 chini ya maji ni ndefu kuliko mnavyofikiri, na mara nyingi watu hukata tamaa baada ya mbili au tatu. Asiyekuwa na saa atumie kipimo tunachokijua sote: Rozari yenye makumi matano, ikisaliwa bila haraka, huchukua kama dakika 15 hadi 20. Maji yasifungwe kabla haijaisha.

Aliyemwagikiwa mwilini avue nguo chini ya manyunyu, viatu na soksi pia, kwa sababu nguo iliyolowa asidi huendelea kuunguza ngozi. Hapa tunagusa jambo ambalo vitabu vya mafundi hulipita haraka, lakini sisi tumeliona. Msichana wa miaka 15 hatavua sare mbele ya darasa lenye wavulana. Atavumilia kuungua kuliko kuaibika. Basi shule iwe na pazia kuzunguka bafu hilo, au angalau kanga mbili na koti safi zilizotundikwa karibu. Wanafunzi wote watoke nje mara moja, abaki naye mwalimu wa kike au wasichana wawili. Pakiwa na wanaume tu, basi wageuze uso na kumshikia kanga, lakini maji yasisimame. Maagizo haya yasomwe kabla, ili mtoto ajue kwamba heshima yake imelindwa.

Kuna mambo tunayoomba yasifanyike kabisa. Msijaribu kuipoza asidi kwa kuweka magadi jichoni, wala alkali kwa ndimu. Zikikutana huko hutoa joto na kuongeza kidonda. Msiweke maziwa ya mama, majani ya chai, asali, maji ya sukari wala dawa ya mitishamba. Msifunge jicho kwa kitambaa kabla ya kuliosha. Unga mkavu wa chokaa ulioanguka mwilini ukung'utwe kwanza ndipo maji yafuate, lakini ulioingia machoni uoshwe papo hapo.

Kwa familia zisizo na mtoto sekondari

Msifunge gazeti. Kostiki iko katika vikundi vyetu vya sabuni na vya batiki, hata vile vya WAWATA parokiani. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, nayo iko kwa kijana anayechaji betri barabarani na katika nyumba zenye umeme wa jua. Chokaa iko kwa kila anayepaka ukuta rangi wakati wa Noeli. Kabla hamjafungua mfuko wa kostiki, ndoo mbili za maji safi na kikombe ziwe zimekwisha kuwekwa pembeni, watoto wawe mbali, na miwani iwe machoni. Kostiki hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka usoni. Asidi ni vivyo hivyo.

Mkifika kwetu

Baada ya zile dakika 15, njooni hospitali hata kama maumivu yametulia. Njiani endeleeni kumwagia maji safi kutoka chupa. Mje na jina la dawa, au chupa yenyewe ikiwa imefungwa vizuri, maana swali letu la kwanza ni hilo, na la pili ni mliosha kwa muda gani.

Tutaendelea kuosha kwa maji ya dripu, tutageuza kope la juu na kutafuta vipande vilivyojificha, tutagusa jicho kwa karatasi maalumu inayobadilika rangi kuonyesha kama dawa bado imo. Jicho la kawaida huonyesha karibu 7. Tukiacha kuosha tunasubiri dakika chache na kupima tena, kwa sababu alkali iliyozama huweza kurudi juu. Msishangae mkiona mgonjwa anaoshwa saa nzima au zaidi. Yale matone ya ganzi tunayomwekea ili avumilie, wengi hutuomba wapewe waende nayo nyumbani. Hatuyatoi, kwa sababu yakitumiwa siku kwa siku huzuia konea isipone.

Mwisho, ndugu wengi hufurahi wakiona jicho limebaki jeupe baada ya kuunguzwa, na huogopa likiwa jekundu. Sisi tunaogopa kinyume chake. Wekundu maana yake damu bado inafika. Jicho lililounguzwa na kostiki likawa jeupe pepe kuzunguka kile kioo, mishipa yake midogo imekwisha kuungua, na konea haina wa kuilisha. Mwenye jicho la namna hiyo hatumrudishi nyumbani. Tunampeleka siku hiyohiyo kwa daktari bingwa wa macho, iwe KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, na muuguzi anayemsindikiza hubeba dripu za kuoshea na kitabu cha mgonjwa kilichoandikwa saa ya ajali na saa maji yalipoanza.